Namba hasi ndani ya kompyuta: jinsi ya kuziandika na kuzisoma kwa biti

Msimu mmoja wa korosho nilitengeneza mizani ya kielektroniki kwa ajili ya chama kimoja cha msingi hapa mkoani Mtwara. Kazi yake ilikuwa nyepesi: kupima kila gunia linaloingia ghalani, kuongeza uzito wake kwenye jumla ya siku, na kuionyesha jumla hiyo kwenye kioo kidogo. Kila gunia lilifungashwa kwa kilo 80. Hadi gunia la 409 kioo kilisoma 32720, na daftari la karani lilisema hivyo hivyo. Gunia la 410 lilipowekwa, kioo kikasoma -32736. Karani, mzee aliyeshika daftari tangu mimi sijazaliwa, alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, kisha akaniita kwa utulivu: "Fundi, hebu njoo. Mashine yako inasema ghala linadaiwa korosho."

Nyaya zote zilikuwa mahali pake na kihisi cha uzito kilikuwa kizima. Kosa nilikuwa nimelifanya mwenyewe, katika neno moja la programu, na mtu hawezi kuliona kosa la namna hiyo kabla hajajua kompyuta inaandikaje namba zilizo chini ya sifuri. Mwongozo huu unaeleza jambo hilo kwa yeyote anayejua kujumlisha na kutoa. Ni vyema uwe na kalamu na karatasi, kwa sababu hesabu hizi haziingii kichwani kwa kutazamwa tu.

Tuanze na namba zisizo na alama. Biti ni nafasi moja inayoweza kushika 0 au 1, na biti nane zikipangwa pamoja huitwa baiti. Katika hesabu zetu za kila siku thamani ya nafasi hukua mara kumi kila tunaposogea kushoto: mamoja, makumi, mamia. Katika mfumo wa binari hukua mara mbili, kwa hiyo nafasi nane za baiti zina thamani hizi:

128 64 32 16 8 4 2 1

Kuandika 45, unaanza kushoto na kuuliza kila thamani kama inaingia. Ile 128 haiingii, wala 64. Ile 32 inaingia na kubakisha 13, 16 haiingii, 8 inaingia na kubakisha 5, 4 inaingia na kubakisha 1, 2 haiingii, 1 inaingia na hesabu imekwisha. Palipoingia unaandika 1, pasipoingia unaandika 0, nawe unapata 00101101. Kwa njia hiyo baiti moja ina mipangilio 256, inayotosha kuandika namba kuanzia 0 hadi 255.

Sasa tunataka kuandika -45. Kwenye karatasi tunaweka kistari mbele ya namba na mambo yanaisha, lakini ndani ya kompyuta hakuna kistari; kuna 0 na 1 tu. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kuitoa biti ya kushoto kabisa iwe alama, 0 ikimaanisha chanya na 1 ikimaanisha hasi, na biti saba zilizobaki zishike ukubwa wa namba. Chini ya utaratibu huo 5 ni 00000101 na -5 ni 10000101. Njia hii inasomeka kwa urahisi, na kompyuta kubwa za zamani kama IBM 7090 ziliitumia. Kasoro yake inaonekana mara tu unapojaribu kujumlisha. Chukua 5 na -5, uzijumlishe biti kwa biti bila kuuliza lolote:

00000101
10000101
10001010

Jibu hilo, likisomwa kwa utaratibu uleule, ni -10. Ili kupata sifuri, mashine inalazimika kwanza kutazama alama mbili, ikizikuta tofauti itafute namba ipi ni kubwa, itoe ndogo kutoka katika kubwa, kisha ichague alama ya jibu. Ni kazi nyingi kwa hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu anaimaliza kwa vidole. Zaidi ya hayo kuna sifuri mbili, 00000000 na 10000000, na mashine inapoulizwa kama namba fulani ni sifuri inabidi ichunguze zote mbili.

Wazo la pili ni kugeuza kila biti, 0 iwe 1 na 1 iwe 0, ili -5 iandikwe 11111010. Huitwa kijalizo cha moja, na mashine za CDC 6600 na UNIVAC 1100 zilifanya kazi hivyo. Kujumlisha kunakuwa rahisi zaidi, lakini sifuri mbili bado zipo, kwani 5 na -5 zikijumlishwa zinatoa 11111111, ambayo ni sifuri iliyogeuzwa. Hatutakaa hapo.

Njia iliyoshinda inaeleweka vizuri zaidi kwa mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza, kwa hiyo saa kumi na mbili asubuhi ndiyo mwanzo wa hesabu. Ni sifuri yetu, ingawa hatuiiti hivyo. Mtu akiuliza saa tatu kabla ya hapo ilikuwa saa ngapi, utajibu saa tisa usiku. Kurudi nyuma hatua 3 na kwenda mbele hatua 9 kunaufikisha mshale mahali pamoja, kwa sababu 3 na 9 zinajalizana kufikia 12. Basi tunaweza kukubaliana kwamba kwenye saa hiyo 9 isomeke kama -3, 10 kama -2, na 11 kama -1. Saa yenyewe haijabadilika hata msumari; tumekubaliana tu namna ya kuisoma. Na ukitaka kutoa 3 kutoka katika 5, ongeza 9 kwenye 5: mshale utavuka kumi na mbili na kusimama kwenye 2, ambayo ndiyo jibu. Kutoa kumegeuka kuwa kujumlisha.

Baiti ni saa yenye nafasi 256. Ikifika 255 na kuongezwa 1, inarudi 0, kwa sababu biti ya tisa haina pa kukaa. Kurudi nyuma 45 kutoka sifuri ni sawa na kwenda mbele 211, kwa kuwa 45 na 211 zinajalizana kufikia 256. Kwa hiyo mpangilio wa biti ambao tungeusoma 211, yaani 11010011, tunakubaliana kuusoma -45. Utaratibu huu huitwa kijalizo cha mbili. Nusu ya mipangilio, ile inayoanza na 0, inabaki na namba 0 hadi 127. Nusu nyingine, inayoanza na 1, inakwenda kwa namba -128 hadi -1. Sifuri imebaki moja.

Hapa natofautiana na walimu wengi. Kawaida mwanafunzi hupewa kanuni ya kugeuza biti na kuongeza moja, akaikariri, akafaulu mtihani, na baada ya mwezi mmoja hajui tena anageuza nini wala kwa nini. Nimeona ni bora kuanza na thamani za nafasi. Katika kijalizo cha mbili thamani zote zinabaki kama zilivyokuwa, isipokuwa ile ya kushoto kabisa inakuwa hasi:

-128 64 32 16 8 4 2 1

Ukilishika hilo moja, mengine yote yaliyobaki katika mwongozo huu yanatoka humo. Kusoma 11010011, unajumlisha thamani za nafasi zenye 1: hasi 128, ongeza 64, ongeza 16, ongeza 2, ongeza 1. Chanya zinafika 83, na 83 ukizijumlisha na -128 unapata -45. Kusoma 11111111, chanya zote saba zinafika 127, na pamoja na -128 zinatoa -1. Ndiyo maana baiti iliyojaa moja tupu ni -1, jambo linalowashangaza wengi wanapolikuta kwa mara ya kwanza.

Kuandika namba hasi ni kurudi kwa njia hiyohiyo. Tuseme unataka -70. Washa biti ya -128, kisha jiulize ni kiasi gani chanya kinahitajika kukupandisha kutoka -128 hadi -70. Ni 58, ambayo ni 32, 16, 8 na 2. Unapata 10111010. Hakuna kilichogeuzwa na hakuna kilichoongezwa.

Kanuni ya kugeuza na kuongeza moja nayo ina mahali pake, hasa unapotaka kubadili alama ya namba iliyokwisha andikwa, na sasa unaweza kuona sababu yake. Namba yoyote ukiijumlisha na yenyewe iliyogeuzwa biti zote, kila nafasi itakuwa na 1 moja na 0 moja, kwa hiyo jumla ni 11111111, yaani -1. Basi namba iliyogeuzwa ni pungufu kwa 1 kuliko hasi ya namba ya mwanzo, nawe unaongeza 1 ili kuziba pengo hilo. Jaribu kwa 45: 00101101 ikigeuzwa ni 11010010, na ikiongezwa 1 ni 11010011, kama tulivyopata kwa njia ya saa. Ukifanya hivyo kwa mkono, kuna njia ya mkato. Anza kulia, nakili biti kama zilivyo mpaka ile 1 ya kwanza na yenyewe uinakili, kisha geuza zote zilizobaki upande wa kushoto. Kwa 40, ambayo ni 00101000, unanakili 1000 ya kulia na kugeuza 0010 kuwa 1101, unapata 11011000. Hakiki kwa thamani za nafasi: -128, 64, 16 na 8 zinatoa -40.

Faida kubwa inaonekana kwenye kujumlisha, na mfano wake uko baharini. Mtu aliyekulia Mikindani anajua kwamba maji hupwa na kujaa mara mbili kwa siku, na kwamba wakati wa bamvua tofauti kati ya kupwa na kujaa huwa kubwa. Tuseme tumesimika mti wa kupimia ufukweni na kuweka sifuri kwenye usawa wa wastani wa bahari. Asubuhi maji yako sentimita 70 chini ya alama hiyo, yaani -70, na baada ya muda yamepanda sentimita 112. Tunajumlisha -70 na 112 bila kuuliza alama ya yeyote kati yao:

10111010
01110000

Kuanzia kulia, nafasi nne za kwanza hazina mgongano na zinatoa 1010. Nafasi ya tano ina 1 na 1, tunaandika 0 na kubeba 1. Nafasi ya sita ina 1 na 1 na ile iliyobebwa, tunaandika 1 na kubeba 1. Nafasi ya saba ina 0 na 1 na iliyobebwa, tunaandika 0 na kubeba 1. Nafasi ya nane ina 1 na 0 na iliyobebwa, tunaandika 0 na kubeba 1, lakini nafasi ya tisa haipo, kwa hiyo ile 1 inadondoka. Kilichobaki ni 00101010, yaani 42, na kweli maji yako sentimita 42 juu ya alama. Sakiti iliyojumlisha namba hizi ndiyo ileile inayojumlisha namba zisizo na alama. Haikujua, wala haikuhitaji kujua, kwamba mojawapo ilikuwa hasi. Kutoa nako hakuhitaji sakiti ya pekee, kwani mashine inageuza biti za namba inayotolewa, inaongeza 1 na kujumlisha. Mwanahisabati John von Neumann alipendekeza kijalizo cha mbili katika rasimu yake ya mwaka 1945 kuhusu kompyuta ya EDVAC, na familia ya IBM System/360 iliyotangazwa mwaka 1964 iliutumia, na karibu kila prosesa unayoweza kuishika mkononi leo inafuata njia hiyo, ikiwamo ile iliyo ndani ya simu yako.

Wanafunzi wengi huiona ile 1 iliyodondoka na kudhani kwamba hesabu imeharibika. Haikuharibika, mshale umevuka kumi na mbili, basi. Kuharibika kwenyewe kuna sura nyingine. Jumlisha 100 na 60 katika baiti yenye alama:

01100100
00111100
10100000

Hakuna kilichodondoka upande wa kushoto, lakini jibu linasomeka -128 ongeza 32, yaani -96. Jibu sahihi ni 160, na 160 haimo kati ya namba ambazo baiti yenye alama inaweza kuzishika. Huku ndiko kufurika. Kanuni ya kukutambua ni fupi: namba mbili zenye alama moja zikitoa jibu lenye alama tofauti, zimefurika, namba moja hasi na nyingine chanya haziwezi kufurika kamwe, kwa sababu jibu lao liko katikati ya hizo mbili. Mafundi wa prosesa hulisema jambo hilohilo kwa namna nyingine: linganisha 1 iliyobebwa kuingia nafasi ya kushoto kabisa na 1 iliyobebwa kutoka humo, na kama moja ipo na nyingine haipo, jibu limefurika. Kwenye mfano wa bahari zilikuwapo zote mbili. Kwenye mfano wa 100 na 60 moja iliingia na hakuna iliyotoka.

Sasa tunaweza kurudi ghalani. Mizani yangu ilitumia Arduino Uno ya matoleo ya kabla ya R4, bodi ndogo ya kompyuta, na kwenye bodi hiyo aina ya data iitwayo int ina biti 16. Nafasi ya kushoto kabisa ina thamani ya -32768 na nyingine kumi na tano zikijaa zinafika 32767. Magunia 409 ya kilo 80 ni kilo 32720, ambazo kwa biti ni 0111111111010000. Gunia moja zaidi linafikisha 32800, nayo ni 1000000000100000. Ukiisoma bila alama, ni 32768 ongeza 32, hesabu sahihi kabisa ya korosho zilizomo ghalani. Ukiisoma kwa alama, ni -32768 ongeza 32, yaani -32736, deni alilolisoma mzee wetu. Biti zilikuwa sahihi muda wote. Makubaliano ya kuzisoma ndiyo yaliyokuwa membamba kuliko ghala.

Kabla ya kueleza nilivyorekebisha, kuna mambo matatu ambayo mtu anayeandika programu atayakuta mapema, nayo yote yanafumbuliwa na ile nafasi moja yenye thamani hasi.

La kwanza ni dogo. Namba hasi ni nyingi kuliko chanya kwa moja, kwa kuwa sifuri imechukua nafasi upande wa chanya. Matokeo yake ni kwamba -128 haina mwenzake katika baiti. Igeuze 10000000 upate 01111111, ongeza 1, na umerudi 10000000. Programu inayotafuta ukubwa wa namba kwa kuibadili alama itapewa -128 na kurudisha -128, nayo itaendelea na kazi kwa amani kana kwamba hakuna kilichotokea.

La pili ni kubwa zaidi, na limenigharimu alasiri nzima. Jirani mmoja wa Shangani anayenunua pweza kutoka kwa wavuvi aliniomba nimfungie kipima joto ndani ya friza yake. Nilitumia kihisi cha DS18B20, ambacho hutoa kipimo chake kwa biti 16 za kijalizo cha mbili, kila hatua ikiwa sehemu moja ya kumi na sita ya nyuzi joto. Niliijaribu programu mezani kwa wiki nzima ikasoma nyuzi 27, 29, 31, bila dosari. Nilipoingiza kihisi ndani ya friza, kioo kikasoma nyuzi 4085.875. Mtwara hakuna siku joto la nje hushuka chini ya sifuri, kwa hiyo kosa lilikuwa limejificha mahali ambapo hali ya hewa yetu isingelifichua milele.

Kihisi kilikuwa kimetuma 1111111101011110. Geuza na uongeze 1, utapata 162. Kwa hiyo namba ni -162, na ukigawanya kwa 16 ni nyuzi -10.125, joto zuri la kuhifadhi pweza kwa muda mfupi. Lakini safari hii nilikuwa nimehamia bodi ya ESP32, ambayo int yake ina biti 32. Programu ilizichukua biti 16 za kihisi, ikaziweka upande wa kulia wa nafasi 32, na kushoto ikajaza sifuri kumi na sita. Biti iliyokuwa na thamani ya -32768 sasa ilikuwa katikati ya foleni, ikiwa na thamani ya kawaida ya 32768, na jumla ikawa 65374. Gawanya kwa 16 utapata zile nyuzi 4085.875. Kwenye Arduino Uno programu ileile ingefanya kazi vizuri, kwa bahati tu.

Dawa ni kurefusha namba kwa kunakili biti yake ya alama. Namba inayoanza na 0 inajazwa 0 upande wa kushoto, na inayoanza na 1 inajazwa 1. Sababu iko wazi ukitazama thamani: katika biti nane, biti ya kushoto ya -45 ina thamani ya -128, ukiongeza nafasi ya tisa, hiyo mpya ina thamani ya -256 na ile ya zamani inakuwa 128, na zikiwashwa zote mbili jumla yake ni -128 ileile. Unaweza kuendelea hivyo hadi biti 16 au 64 na namba isibadilike hata chembe: 1111111111010011 bado ni -45. Katika lugha ya C inatosha kuziweka kwanza biti za kihisi katika kigeu cha aina ya int16_t, yaani namba yenye alama ya biti 16, na kuipanua kwenda biti 32 kutafanywa na mashine kwa njia sahihi.

Jambo la tatu ni kusogeza biti kulia, ambako hutumiwa kama njia ya haraka ya kugawanya kwa mbili. Kwa namba zenye alama nafasi inayoachwa wazi kushoto lazima ijazwe nakala ya biti ya alama, la sivyo namba hasi itageuka chanya kubwa. Hata ikifanywa vizuri, -5 iliyo 11111011 ikisogezwa hatua moja inakuwa 11111101, ambayo ni -3, wakati kugawanya kwa kawaida katika C kunatoa -2 kwa kutupa sehemu iliyobaki. Kusogeza kunashuka chini daima. Kugawanya kunaelekea sifuri. Mimi nimeacha kusogeza ninapokusudia kugawanya, kwani vikusanyaji vya siku hizi, yaani programu zinazogeuza maandishi ya C kuwa maagizo ya mashine, vinajua kuchagua njia ya haraka bila msaada wangu.

Nirudi kwenye mizani. Nilikuwa na njia mbili. Ningeweza kuiambia programu isome biti 16 bila alama, jambo ambalo lingenifikisha 65535, yaani gunia la 819, na la 820 lingeonyesha kilo 64. Hilo lingeahirisha aibu hadi mchana wa siku yenye kazi nyingi. Tena mizani tupu hutetereka: upepo ukiigusa husoma -1, na -1 ikisomwa bila alama katika biti 16 ni 65535, tani sitini na tano za upepo. Niliacha alama na kuongeza upana, nikibadili int kuwa int32_t. Kikomo kipya ni 2147483647, kinachotosha magunia 26843545 ya kilo 80, zaidi ya tani milioni mbili, kiasi ambacho nchi nzima haijawahi kukivuna kwa msimu mmoja.

Niliongeza pia kinga, na hapa kuna tahadhari kwa anayetumia C. Toleo la lugha hiyo la mwaka 2023 limeamua kwamba namba zenye alama ziandikwe kwa kijalizo cha mbili tu, na C++ ilitangulia kuamua hivyo mwaka 2020, lakini kufurika kwenyewe bado hakuna matokeo yaliyoahidiwa. Kikusanyaji kinaruhusiwa kudhani kwamba hakutatokea, na kwa dhana hiyo kinaweza kulifuta kabisa sharti lako linalouliza kama jumla ya namba mbili chanya imekuwa hasi. Kwa hiyo uliza kabla ya kujumlisha: kama jumla ya sasa ni kubwa kuliko kikomo kilichopunguzwa uzito wa gunia, simamisha kazi na umwite mtu. Kutoa katika swali hilo hakuwezi kufurika, kwa kuwa namba zote mbili ni chanya.

Upana wa biti 32 nao una mwisho wake mahali pengine. Mifumo mingi ya zamani huhesabu wakati kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 katika namba ya biti 32 yenye alama. Kwa saa za hapa kwetu namba hiyo itajaa tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, na sekunde inayofuata mfumo usiorekebishwa utasoma tarehe 13 Desemba 1901. Ukiandika programu ya kumbukumbu za ghala leo, tumia biti 64 kwa wakati.

Kabla ya kuikabidhi kazi yako, ilishe namba za pembeni, kwani namba za katikati hazifichui kitu: 0, 1, -1, namba kubwa kuliko zote, namba ndogo kuliko zote, na zile zilizo jirani nazo. Kwa biti 16 hizo ni 32767 na -32768. Mimi asubuhi iliyofuata niliweka jumla ya kuanzia iwe 32720 kwa mkono, nikamwomba mzee alete gunia moja. Kioo kikasoma 32800. Aliliangalia daftari lake, akaiangalia mashine, akaandika 32800 kwa wino, na jioni yake akajumlisha tena safu nzima kwa mkono kama alivyozoea.